Mpwa wangu, nguruwe wa dada na barua kwa Wagalatia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyetaka serikali iyafunge makundi ya kushika Torati yanayowavuta waumini wetu. Alifika hadi kuitaja Kanungu. Mimi ni mzee wa kanisa hapa Busia, na huenda makundi haya yameniuma kuliko yeye, lakini hapo amezidisha. Machi 2000 kule Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, waumini wa kundi moja la dini waliteketea ndani ya nyumba ya ibada. Kijana aliyeacha nyama ya nguruwe na kupumzika Jumamosi ana uhusiano gani na hayo? Tukimwita hivyo tunampa sababu ya kutotusikiliza tena.

Nieleze niliyoyaona. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, anatengeneza simu karibu na mpaka. Alikuwa mwanakwaya, sauti ya tatu, na hakukosa mazoezi. Mwaka juzi akaanza kusikiliza walimu wa Marekani kwenye YouTube, kisha akaingizwa kwenye kundi la WhatsApp. Kwanza likabadilika jina: si Yesu tena, ni Yeshua. Jumapili ikawa siku ya Konstantino, yule mfalme wa Roma. Krismasi ikawa ya wapagani. Siku moja nikamkuta ameshonewa vishada vya uzi wa samawi kwenye ncha za shati, kama inavyoagiza Hesabu 15. Kusema kweli vilipendeza. Mkewe ana mkono mzuri wa sindano.

Hayo yote ningeyavumilia. Kilichonichoma ni nguruwe.

Dada yangu ni mjane, na nguruwe ndiyo benki yake. Jike mmoja, banda nyuma ya jiko, pumba na machicha ya pombe kutoka kwa jirani. Akizaa, watoto wanauzwa muhula unapoanza. Ada ya chuo cha ufundi alikosomea mpwa wangu ilitoka kwenye banda hilo. Sasa huyo huyo alimkalisha mama yake jioni mbili mfululizo akamsomea Walawi 11, mpaka mama akaingiwa na hofu. Dalali akaja, akaona mwenye mali ana haraka, akataja bei ya kutupa. Jike akafungwa miguu, akapakiwa kwenye boda boda, na kelele zake tukazisikia hadi barabara kuu. Dada alibaki amesimama na ndoo ya machicha mkononi.

Jumapili ya Pasaka, ambayo wao hawaiiti Pasaka, walikuja kwangu kwa heshima ya ukoo. Mke wa mpwa wangu alibeba sufuria yake mwenyewe, maana zangu zimepikiwa najisi. Dada hakujua ale upande upi. Alikunywa chai tu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Paulo aliandika barua kwa Wagalatia kwa hasira namna ile. Nilipokuwa kijana nilidhani anagombana juu ya mambo ya Kiyahudi yasiyotuhusu. Kumbe alikuwa amemwona Petro akiinuka mezani pale Antiokia na kuwaacha watu wa mataifa, wasio Wayahudi, wakila peke yao. Ni habari ya meza, imo sura ya pili.

Mpwa wangu hunijibu kwa Mathayo 5:17: Yesu hakuja kuitangua torati. Ni kweli, amesema hivyo, na mchungaji anayeuruka mstari huo ajue kijana ameshaugundua. Lakini swali lenyewe, kwamba watu wa mataifa wakiamini watahiriwe na kuishika sheria ya Musa, mitume walilikalia pale Yerusalemu karibu mwaka 49, na jibu liko Matendo 15. Petro aliiita kongwa ambalo baba zao wala wao wenyewe hawakuweza kulichukua. Walioandikiwa barua na mitume hao waliombwa mambo manne, na Jumamosi haimo, tohara haimo, nguruwe hayumo. (Juu ya tohara, majirani zetu Wagisu hawahitaji Musa, wana imbalu, sherehe yao ya tohara, kila mwaka wa namba shufwa, na wanaitwa Wagisu, si Wayahudi.)

Tena Torati yenyewe haikatwi vipande. Kumbukumbu la Torati 16 inataka mwanamume aende mara tatu kwa mwaka mahali alipopachagua Bwana, na mwanakondoo wa Pasaka achinjwe huko huko. Hekalu lilibomolewa mwaka 70. Anayejenga kibanda cha matawi nyuma ya nyumba hapa Busia na kusema ameishika Sikukuu ya Vibanda amechagua sehemu ya sheria aipendayo, jambo ambalo anatulaumu sisi kulifanya. Paulo alishaonya kwamba anayeingia kwa mlango wa tohara inampasa kuitimiza torati yote.

Na Konstantino asisingiziwe. Alitoa amri ya mapumziko ya Jumapili mwaka 321, sikatai. Lakini Yustino Shahidi, mwandishi Mkristo wa karne ya pili, alieleza jinsi Wakristo walivyokusanyika siku hiyo zaidi ya miaka 150 kabla ya amri hiyo, wakati serikali ya Roma ikiwaua. Wasabato wetu wana hoja zao za Jumamosi, tumebishana nao miaka mingi kwa amani, na siwaweki kapu moja na hawa.

Walimu wa YouTube hawaijui Mbale, mji wa huku kwetu mashariki mwa Uganda. Sisi tunaijua. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewashikia Waingereza upande huu wa mashariki, alikuwa Mprotestanti aliyebatizwa. Walipomnyima madaraka aliyoyatarajia, akajiunga na Wamalaki, waliokataa dawa za hospitali na kushika Jumamosi. Akaendelea kuisoma Biblia ya Kiganda, akafika kwenye tohara. Wenzake wakamwambia ukifanya hivyo wewe ni Myahudi. Akasema basi mimi ni Myahudi. Mwaka 1919 alitahiriwa yeye na wanawe. Kwanza kundi lake lilichanganya, Agano hili na lile. Kisha mwaka 1920 akapita Myahudi mmoja aliyeitwa Yosefu, akawafundisha miezi kadhaa, na yaliyobaki ya Ukristo wakayaweka chini.

Wajukuu wa kundi hilo ni Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, walioko Nabugoye karibu na Mbale, na nasema kwa heshima. Idi Amin aliwapiga marufuku, nao wakasali kwa siri. Rabi wao Gershom Sizomu alisomea Marekani na kupewa daraja mwaka 2008. Sijaona hata mmoja wao akibisha hodi kwa Mkristo kumwambia auze nguruwe wake. Waliona njia hizo mbili haziendi pamoja, wakachagua, na wakalipa gharama. Mpwa wangu yuko mahali Kakungulu alipokuwa mwaka 1919. Ndiyo maana silali.

Lakini na sisi tusijifanye hatukuchangia. Mara ya mwisho mahubiri ya Walawi kanisani kwetu ni lini? Agano la Kale tunalifungua kwa zaka ya Malaki na Daudi na Goliathi, basi. Kijana alipouliza kwa nini tunashika amri ya usiibe na si ya Sabato, kiongozi mmoja alimwambia asilete ubishi. Wiki ile ile alipata mtu wa kumjibu kwa saa mbili, bure, na ramani za Israeli juu yake. Baadaye baraza letu likaamua asimamishwe kwaya mpaka atubu. Nilikuwa kwenye kikao na nilinyoosha mkono pamoja na wengine. Leo nisingeunyoosha.

Tangu Juni tunasoma Wagalatia kila Jumatano jioni, mstari kwa mstari, na mtu yeyote anauliza. Mpwa wangu amekuja mara mbili. Anakaa karibu na mlango, vishada vyake vinaning'inia kwenye benchi, na hakuna anayevisema. Mara ya pili alinyoosha mkono: kama Matendo 15 ndiyo jibu letu, mbona barua ile inakataza damu na vilivyosongolewa, na sisi kuku tunamla bila kuuliza alikufaje? Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia anipe hadi Jumatano ijayo, na dada yangu, aliyekuwa ameketi nyuma, akasema kwa sauti kwamba yeye swali lake ni la nguruwe na amelingoja tangu Machi.

Mzee wa kanisa,
Busia, Uganda