Wasimamizi watatu hawatoshi zamu tatu

Ndugu Mhariri,

Habari yenu ya wiki iliyopita kuhusu kituo cha polisi cha mji wetu ilimalizia kwa kusema kituo kina wasimamizi watatu wa askari, mmoja kwa kila zamu, kwa hiyo hakuna upungufu. Hesabu hii nimeisoma miaka mingi nikanyamaza. Safari hii sinyamazi, kwani haiko sahihi, na kila aliyewahi kupanga daftari la zamu anaijua ilipokosea.

Zamu hubadilishana saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Kwa mwaka ni zamu 1,095. Sasa mchukue msimamizi mmoja. Toa mapumziko ya siku mbili kila wiki, ni siku 104. Toa likizo, 28. Toa siku 13 tu za maradhi, misiba na mafunzo ya hapa hapa. Zimebaki siku 220. Gawa 1,095 kwa 220: unahitaji watu watano kwa nafasi hiyo moja. Ukiwanyang'anya siku moja ya mapumziko kila wiki, bado unahitaji si chini ya wanne. Na hapo sijaihesabu bahari. Kikao cha siku moja Ziwani, makao makuu ya polisi kule Unguja, kwa mtu wa Pemba kinakula siku tatu: kwenda na boti, kukaa kikao, kurudi. Akiitwa kozi ya cheo kwenye chuo cha polisi Moshi, hiyo ni miezi.

Basi kwa watatu, mmoja akienda likizo, wawili waliobaki wanafanya saa 12 kwa 12. Aliyekesha akiitwa mahkamani asubuhi kutoa ushahidi, nafasi yake anaikaimu konstebo mkongwe kuliko wenzake. Hapo ndipo kazi inapoharibika, tena kimya kimya. Kabla ya zamu kupokezana, msimamizi anatakiwa kupanga paredi, kuwahesabu mahabusu kwa majina na kulinganisha na daftari, kuhesabu silaha, risasi, pingu na redio, kupokea ufunguo wa chumba cha vielelezo, yaani vitu vya ushahidi, kisha wote wawili, anayetoka na anayeingia, watie saini. Asipokuwepo, askari wanapeana funguo mlangoni na kuagana. Mwezi uliopita, katika kituo ambacho sitakitaja, kijana alikamatwa Ijumaa jioni kwa ugomvi wa baskeli. Saa 3 usiku wazee wake walifika na mdhamini na barua ya sheha. Kaunta palikuwa na konstebo peke yake, na konstebo hana madaraka ya kutoa dhamana. Sheria inataka mwenye cheo kilicho juu yake. Msimamizi mwenyewe, sajenti wa zamu, alikuwa amepelekwa kwenye msafara wa mgeni. Kijana akalala mahabusu mpaka Jumamosi mchana. Simu yake iliyochukuliwa kama kielelezo iliandikwa "simu nyeusi", bila namba yake ya utambulisho, bila saini ya aliyeipokea. Wakili yeyote ataanzia hapo, na ana haki. Yule konstebo simlaumu hata kidogo.

Na hii misafara! Mechi uwanja wa Gombani, anapelekwa sajenti. Mgeni anashuka uwanja wa ndege, sajenti. Mitihani ya skuli inasindikizwa, sajenti. Huku masjala na stoo wamekaa wenye vyeo mabegani na mikononi wakipanga majalada, kazi ambayo raia aliyesomea utunzaji kumbukumbu angeifanya vizuri zaidi. Halafu mtu akipandishwa cheo anahamishiwa Unguja na kiti chake kinabaki kitupu, kwa sababu barua ya kupanda cheo haiji na jina la wa kumrithi.

Msimamizi mmoja anawamudu askari sita mpaka wanane wa doria. Wakifika kumi na mbili hasimamii tena, anapokea simu tu.

Ninachoomba ni hiki. Kituo kipewe wasimamizi watano wa zamu, na wa sita wa kuziba mwanya wa kozi, watolewe masjala na stoo. Barua ya uhamisho isitekelezwe kabla mbadala hajaripoti. Na ukutani mwa kaunta utundikwe ubao wa futi mbili kwa tatu, uandikwe kwa chaki jina na cheo cha msimamizi aliyepo, ufutwe na kuandikwa upya saa 12, saa 8 na saa 4. Zamu ambayo ubao hauna jina, mkuu wa kituo aje akae mwenyewe mpaka jina lipatikane.

Msomaji wenu,
Pemba