Notisi ya mwekezaji isilale masijala

Mhariri,

Serikali ya nchi inayoendelea ikiamriwa kumlipa mwekezaji wa nje mamilioni ya dola, magazeti yetu huandika kwamba "mahakama ya kimataifa" imetoa hukumu, na mjadala unahamia kwenye uzalendo: nani alisaini, nani kauza nchi. Tunaomba nafasi tueleze jambo ambalo mjadala huo huliruka. Mashauri mengi ya aina hii huharibikia wizarani, katika miezi ya mwanzo, kabla hata msuluhishi mmoja hajateuliwa.

Tuanze na hilo neno mahakama. Wanaoamua ni jopo la wasuluhishi watatu. Mwekezaji huteua mmoja, serikali mmoja, na mwenyekiti hupatikana kwa makubaliano. Jopo huundwa kwa ajili ya shauri hilo tu, likimaliza linavunjika. Mengi ya mashauri hayo husimamiwa na ICSID, kituo cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji kilicho chini ya Benki ya Dunia kule Washington, kilichoundwa kwa mkataba wa mwaka 1965. Rufaa hakuna. Aliyeshindwa ana siku 120 za kuomba tuzo, yaani uamuzi wa jopo, ibatilishwe, kwa sababu tano tu, na wasuluhishi kukosea tafsiri ya sheria au hesabu ya fidia hakumo katika hizo tano. Kwa hiyo kosa lililofanyika mwanzoni halina mahali pa kurekebishiwa mbele ya safari.

Ridhaa ya serikali kushtakiwa huko mara nyingi haimo kwenye mkataba wa mradi. Imo kwenye mkataba wa nchi mbili wa kulinda uwekezaji, uliosainiwa pengine miaka 20 iliyopita, na ambao afisa anayefuta leseni hajawahi kuuona. Yeye anasoma sheria ya madini au ya maji. Wakili wa mwekezaji anasoma mkataba wa nchi mbili. Na kujitoa kwenye mkataba hakumalizi kazi: ule wa Tanzania na Uholanzi ulikoma mwaka 2019, lakini wawekezaji waliokuwa wameshaingia waliachiwa ulinzi wa miaka 15 zaidi.

Sasa notisi yenyewe. Mikataba mingi humtaka mwekezaji aandike barua ya kueleza mgogoro, kisha asubiri, kwa kawaida miezi sita, pande zote zikijadiliana. Barua hiyo ni karatasi mbili tatu. Inafika ubalozini, Ikulu au kwa waziri wa sekta, inagongwa muhuri masijala, inawekwa kwenye jalada na kupelekwa kwa idara ileile iliyofuta leseni. Idara inajibu kwa hasira au haijibu kabisa. Ikifika kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, miezi mitano imeshapita.

Katika miezi hiyo kuna kazi tatu zisizosubiri. Ya kwanza ni kukusanya nyaraka: ripoti za ukaguzi, mihtasari ya vikao, barua pepe, ujumbe wa simu, barua za kumwonya mwekezaji kwamba hatimizi masharti. Maafisa hustaafu, kompyuta hubadilishwa, na jopo haliamini kwamba mwekezaji alionywa mara nne kama barua hata moja haionekani. Ya pili ni kukadiria thamani ya kweli ya mradi, kwa mtaalamu wa hesabu, mapema. Serikali nyingi hutumia nguvu zote kubishia mamlaka ya jopo na kuacha suala la fidia liwe la mwisho, wakati ndilo linalotoa fedha hazina. Pakistan mwaka 2019 iliamriwa kulipa karibu dola bilioni 6 pamoja na riba kwa mgodi wa Reko Diq ambao haukuwa umechimbwa, kwa sababu jopo lilipima faida ambayo mgodi ungeleta baadaye.

Ya tatu ni midomo. Kauli ya waziri mbele ya waandishi wa habari ni kielelezo cha ushahidi mbele ya jopo. Shauri la kampuni ya Biwater dhidi ya Tanzania, lililohusu maji ya Dar es Salaam, lifundishwe kwa kila katibu mkuu. Kampuni ilikuwa imeshindwa kazi, na serikali ilikuwa na haki ya kuvunja mkataba kwa utaratibu uliomo ndani yake. Lakini Mei 2005 uvunjaji ukatangazwa hadharani kabla utaratibu haujakamilika, na Juni ofisi zikachukuliwa na mameneja wakaondolewa nchini. Jopo, katika tuzo ya Julai 2008, lilisema vitendo hivyo vilikiuka mkataba wa nchi mbili wa kulinda uwekezaji. Tanzania haikulipa fidia hata senti, kwa kuwa kampuni ilikuwa imeshapoteza thamani yake. Wiki chache za subira zingeiepusha hata na lawama hiyo.

Shauri likisajiliwa, saa zinaanza kukimbia. Jopo lisipokamilika ndani ya siku 90, upande wowote unaweza kumwomba Rais wa Benki ya Dunia, kwa cheo chake ICSID, ateue waliobaki. Serikali inayosuasua hupoteza haki ya kumchagua msuluhishi wake, na hiyo ni haki ya thamani: msuluhishi husomwa kwa tuzo zake za nyuma, si kwa wasifu. Jopo likishaundwa kuna siku 45 za kuweka pingamizi kwamba dai halina msingi wa kisheria hata kwa kulitazama tu. Na tangu Julai 2022 kanuni zinamlazimisha mdai kumtaja anayemgharamia kesi, kwa hiyo wakili wa serikali aangalie kama jina hilo limetajwa.

Nyaraka hushinda kesi. Kenya iliishinda kampuni ya Cortec mwaka 2018 kwa kuonyesha kwamba leseni ya uchimbaji ya Mlima Mrima ilitolewa bila tathmini ya athari za mazingira iliyotakiwa na sheria. Mwaka 2006 dai la kampuni ya World Duty Free dhidi ya Kenya lilianguka kwa sababu mkataba ulipatikana kwa hongo.

Nigeria ilijifunza kwa gharama. Katika shauri la gesi la kampuni ya P&ID, mtambo haukujengwa, lakini mwaka 2017 ikaamriwa kulipa dola bilioni 6.6 na riba ya asilimia 7, yaani zaidi ya dola milioni moja kila siku. Hongo, ushahidi wa uongo na nyaraka za siri za mawakili wa serikali kuvujia kwa mdai vilithibitishwa baadaye, na Mahakama Kuu ya London ikaitengua tuzo mwaka 2023, deni likiwa limefika takriban bilioni 11. Mlango huo wa kwenda mahakamani ulikuwepo kwa sababu usuluhishi ulitokana na mkataba wa mradi na makao yake ya kisheria yalikuwa London. Chini ya ICSID hakuna mahakama ya nchi yoyote yenye uwezo wa kutengua tuzo.

Ombi letu kwa waandishi wenu ni dogo. ICSID huchapisha kwenye tovuti yake tarehe ya kusajiliwa kila shauri, majina ya wasuluhishi na kila hatua. Shauri jipya dhidi ya serikali likionekana humo, waulizeni wahusika mambo manne: notisi ya mwekezaji ilipokelewa tarehe gani, ilimfikia Mwanasheria Mkuu tarehe gani, ilijibiwa lini, na nani aliagizwa kuhifadhi nyaraka.

Ni sisi wasomaji wenu, wanasheria wa migogoro ya uwekezaji