Kabla hujachomoa waya: huenda programu haijaganda

Saa moja asubuhi, pale mwaloni Kirumba jijini Mwanza, magunia ya dagaa yanapakiwa na kila mtu ana haraka. Ndipo mama mmoja, anayetumia programu yetu ya mauzo, alipopiga simu: "Mwanangu, kompyuta imeganda na wanunuzi wamenisimamia hapa. Nichomoe waya?"

Nikamwambia, "Hapana mama, subiri kidogo. Bofya popote kwenye dirisha la mauzo, uniwekee simu karibu nisikie." Akabofya. Ting. Akabofya tena. Ting.

Mlio ule ulinitosha. Programu iliyoganda kweli haina hata nguvu ya kulia. Windows ikiona dirisha halijaitika kwa sekunde 5 hivi, hulipausha na kuandika juu yake kwamba halijibu. Yake ilikuwa hai, inasubiri jibu. Nikamwomba ashikilie kitufe cha Alt huku akigonga kile cha Tab. Kikachomoza kidirisha kilichokuwa kimefichwa nyuma: "Futa mauzo haya?" Akabofya Hapana, kazi ikaendelea.

Kidirisha cha namna hiyo sisi waandishi wa programu tunakiita modali. Kikifunguka, dirisha lililokifungua linazimwa: halipokei kipanya wala kibodi mpaka ujibu. Ni kama mizani ya mwaloni. Gunia likiwa juu ya mizani, muuzaji na mnunuzi hawajakubaliana kilo, huwezi kupandisha gunia jingine. Tunakitumia kwa makusudi pale ambapo jibu likikosekana hesabu itaharibika. Fikiria unafuta mauzo ya magunia 12, na kabla hujathibitisha, kijana wako anaongeza gunia la 13 kwenye risiti ile ile. Kipi kifutwe, kipi kibaki?

Lakini si kila kidirisha kinastahili ukali huo. Orodha ya bei, kwa mfano, tumeiacha huru: inakaa wazi pembeni huku wewe unaendelea kuuza, na unahama kutoka huku kwenda kule bila kuulizwa chochote. Kuna pia madirisha yanayoishi ndani ya dirisha jingine, ambayo ukiyavuta hayatoki nje ya kuta za mama yao. Waliotumia Excel ya 2010 wanayakumbuka, vitabu vyote, yaani mafaili yake, vilikaa ndani ya dirisha moja. Kuanzia Excel 2013 kila kitabu kikapewa dirisha lake. Sisi hatuyatumii, maana kwenye skrini ndogo ya dukani yanabanana.

Sasa, kidirisha cha yule mama kilijificha vipi? Hapo kosa ni letu, na tunaomba radhi. Kidirisha cha modali kinatakiwa kifungwe kwa dirisha mama lake. Kikifungwa hivyo, daima hukaa juu yake. Mama likishushwa nacho hushuka, likirudi nacho hurudi. Kwenye skrini moja tu, ile ya kufuta mauzo, tulisahau kuandika mstari unaokitambulisha kwa mama yake. Mteja wetu alitoka kidogo kujibu ujumbe wa WhatsApp, aliporudi akabofya alama ya programu kule chini, dirisha kuu likaja mbele peke yake, swali likabaki nyuma. Mlango umefungwa na ufunguo hauonekani. Mtu yeyote angedhani imeganda.

Hofu yetu kubwa ni ule waya. Ukiuchomoa katikati ya kuhifadhi, faili la hesabu linaweza kuharibika, na mauzo ya asubuhi nzima yakahitaji kuandikwa upya kutoka kwenye daftari, kama daftari lipo. Kwa hiyo bofya kwanza, usikilize. Ukisikia ting, tafuta kidirisha kwa Alt na Tab. Kukiwa kimya na dirisha limepauka, liache dakika moja au mbili, kisha utupigie.

Toleo lililorekebishwa liko tayari, bila malipo. Wateja wa Kirumba, Makoroboi na Igoma tutawapitia Jumamosi tukiwa na flashi. Mlioko Ukerewe, tutumieni ujumbe, tutawarushia faili. Kabla hatujafika, tafadhali malizia risiti zote zilizo wazi na ufunge programu; kuweka toleo jipya hakuwezekani ikiwa bado inafanya kazi.