Risala ya Wanandondi wa Walukuba, Jinja, Uganda, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa baraza la mtaa, LC1, na kamati yako,
Sheikh wetu na Mchungaji wetu,
Wazazi, makocha, mabondia na wakazi wa Walukuba,

Itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa wazima. Pili tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kukubali mwaliko wetu. Tunajua ratiba yako imebana, na tumezidi kulijua hilo tangu saa nne asubuhi tulipoketi hapa kukusubiri. Pilau imepoa kidogo. Mapenzi yetu kwako bado ni ya moto.

Wapo waliotushauri risala hii isomwe kwa Kiingereza ili iwe na uzito. Kamati ilikaa, ikaona hapana. Mtaa huu walikaa wafanyakazi wa viwandani waliotoka kila pembe ya nchi, na lugha iliyowapatanisha kwenye foleni ya maji ni hii hii. Tena tunataka kila mama aliyeketi hapa asikie tulichoomba na atakachojibiwa, ili baadaye pasiwe na ubishi.

Mheshimiwa, historia yetu haitakuchosha. Tulianza na begi moja la mchanga lililoning'inizwa kwenye mwembe. Mwembe ukakatwa, tukahamia nyuma ya soko, soko likatanuka, tukahamia ukumbi huu. Hiyo ndiyo historia.

Mafanikio yetu ni makubwa mno. Tuna wanachama 43. Idadi ya wasichana imeongezeka maradufu katika mwaka mmoja, kutoka wawili hadi wanne. Tumeezeka upya sehemu ya paa kwa mabati sita. Tuna ushirikiano wa kimataifa: bondia mmoja kutoka upande wa Kenya wa Busia alikuja akafanya mazoezi nasi siku mbili, na ameahidi kurudi. Yeye tunamwamini.

Ila mafanikio yaliyokuleta wewe ni haya: watoto wetu watatu, vijana wawili na binti mmoja, wameitwa kwenye kikosi cha awali cha Bombers, timu yetu ya taifa ya ndondi, kinachojiandaa kwa Michezo ya Jumuiya ya Madola itakayofunguliwa Glasgow, Uskoti, tarehe 23 Julai 2026. Wako mstari wa mbele pale, wamevaa fulana za bluu. Wasimame wakuone. Asanteni, kaeni.

Mheshimiwa, Uskoti si ugenini kwa ngumi za Uganda. Mwaka 1970 michezo hii ilifanyika Edinburgh, na James Odwori na Mohamed Muruli walirudi na dhahabu. Miaka minne baadaye, Christchurch, Muruli akaichukua tena, na Ayub Kalule akaongeza ya pili. Hata medali za kwanza kabisa za Uganda kwenye Olimpiki hazikutoka kwenye mbio. Zilitoka ulingoni, Mexico City, mwaka 1968, Eridadi Mukwanga akiwa na fedha na Leo Rwabwogo shaba. Rwabwogo akapata fedha Munich 1972, John Mugabi akapata fedha Moscow 1980. Baada ya Moscow, ndondi haijaleta medali ya Olimpiki tena. Zote zilizofuata ni za wakimbiaji.

Hatuwaonei wivu wakimbiaji. Tulishangilia kama wengine Cheptegei alipotwaa dhahabu Paris mwaka 2024. Lakini wale wa Sebei, kwao Cheptegei, wana Mlima Elgon, na mlima haukusubiri mtu aje kuuahidi. Sisi chombo chetu cha kazi lazima kitengenezwe kwa mikono na kilipiwe.

Safari hii mzigo wa ndondi umezidi. Jimbo la Victoria kule Australia lilipojitoa mwaka 2023 kwa sababu ya gharama, Glasgow ikakubali kuandaa michezo midogo, ya aina kumi tu. Raga ya wachezaji saba imeachwa. Marathoni, ambayo Victor Kiplangat alituletea dhahabu Birmingham 2022, haimo. Ndondi imo. Kwa hiyo dhahabu ambayo taifa lilizoea kuitafuta barabarani, nyingine itabidi itafutwe kwa ngumi.

Sasa, Mheshimiwa, tunaomba ugeuke nyuma yako uutazame ulingo wetu.

Nguzo zile ni miti ya kalitusi. Kamba ni za katani, tumezizungushia mipira ya ndani ya matairi ya bodaboda ili zisichune migongo. Sakafu ni mbao za kubebea mizigo, juu yake magunia ya sukari yaliyojazwa pumba, juu yake turubai lililobaki kwenye arusi ya jirani. Bado lina alama ya moto wa sufuria pale katikati. Upande wa kulia hakuna kamba, kuna ukuta. Ulingo wa mashindano una mita 6.10 kila upande ndani ya kamba. Huu wetu una mita nne kwa tatu na nusu. Eneo lake halifiki hata nusu.

Mtu asiye wa ngumi anaweza kusema ngumi ni ngumi, hata chumbani zinapigwa. Ngoja tueleze kilichotokea ukumbi wa Lugogo, Kampala, kwenye mchujo wa timu ya taifa.

Kijana wetu wa kilo 60 alibanwa raundi ya kwanza. Akarudi nyuma hatua mbili, akaegemea kamba ili ajirushe nayo. Kamba haikuwepo. Hapa kwetu ingekuwepo. Kule ilikuwa bado mita moja na zaidi nyuma yake. Akayumba kama aliyekosa ngazi gizani, na katika kule kuyumba akala ngumi mbili za uso. Ukumbi ukacheka. Alishinda pambano hilo kwa pointi, tunamshukuru Mungu, lakini raundi ile aliipoteza kwa ajili ya kamba ambayo haikuwepo.

Binti yetu naye kila alipopanda ulingoni alicheza upande mmoja tu. Mmoja wa wateuzi akamwita kocha wetu pembeni akamuuliza, "Mbona huyu mtoto hataki kwenda upande wa meza ya waamuzi? Anaogopa nini kule?" Kocha hakujibu. Angejibu nini? Hapa nyumbani upande ule ndio wenye ukuta, na bega la kushoto la binti huyo lina kovu la ukuta huo. Miguu yake imejifunza kuukwepa, na miguu haijui kama iko Lugogo au Walukuba.

Kambi ya bweni ya timu ya taifa itaanza karibu na safari. Mpaka hapo, watoto hawa wanajifua nyumbani, yaani hapo nyuma yako. Kila siku wanayozidi kufanya mazoezi hapo, wanazidi kuwa hodari wa kupigana katika mita nne kwa tatu na nusu.

Mheshimiwa, wewe si mgeni rasmi wetu wa kwanza, na heshima yetu kwa waliokutangulia haijapungua. Wa kwanza aliguswa sana. Aliomba futi, akaupima ulingo mwenyewe huku akipigwa picha, akasema wiki mbili. Futi hiyo aliisahau hapa, tunayo. Wa pili alisema suala letu liko mezani kwake, na baada ya miezi saba tukaletewa mipira miwili ya kandanda. Wa tatu alikuja kabla ya uchaguzi, akatupatia fulana 40 zenye picha yake. Tunazivaa mazoezini hadi leo, ingawa kwa jasho na sabuni sura imefifia kidogo. Wa nne alituma mwakilishi, na mwakilishi akatuahidi kwamba mwenyewe atakuja kutuahidi.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Hawakusema deni hilo linadaiwa kwa nani mdaiwa akishabadilishiwa ofisi.

Nasi hatukukaa tu mikono kifuani. Tulimwita fundi wa kuchomelea, akatupigia hesabu ya ulingo kamili: jukwaa la chuma lenye urefu wa mita moja kutoka chini, mbao, sponji, turubai jipya, kamba nne kila upande, na pedi za kona. Jumla ni shilingi 11,400,000. Tumekwisha kuchanga 1,865,000. Wamechanga waendesha bodaboda wa stendi, wamechanga wazazi, amechanga mama anayetuuzia mandazi asubuhi, ambaye kwa kweli sisi ndio tunaodaiwa naye. Zimebaki 9,535,000. Karatasi ya fundi yenye sahihi na namba yake ya simu imo ndani ya bahasha utakayokabidhiwa.

Utaona hatujaomba glovu, wala vikinga meno, wala basi, ingawa vyote hatuna. Katika rasimu ya kwanza ya risala hii vilikuwemo, mahitaji kumi na moja. Mwenyekiti wetu akayafuta kwa kalamu nyekundu, akabakisha moja. Alisema mgeni akipewa orodha huchagua kilicho rahisi. Ndiyo maana tuna mipira ya kandanda.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kabla ya chakula utaletewa kitabu cha wageni. Ukikifungua nyuma utaona maneno "hivi karibuni" yameandikwa mara nne, kwa miandiko minne mizuri. Kwa unyenyekevu mkubwa tunakuomba wewe uandike tarehe. Kalamu iko ndani ya kitabu, na fundi ameketi safu ya tatu, yule mwenye kofia, kwa kuwa tulimwomba aje ili kama una swali la bei aulizwe yeye mwenyewe.

Futi nayo iko mezani. Leo hatutaihitaji, vipimo tunavijua kwa kichwa.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya Kamati ya Wanandondi wa Walukuba