Msumeno wa umeme kesho Shela

Assalamu alaikum jamaa. Kabla ya kuugusa msumeno, chomoeni plagi. Cheni ikivutwa katikati ya baa (bamba refu la chuma linalobeba cheni) iachane nayo kama milimita 3, kisha irudi yenyewe, ikining'inia itachomoka. Tangi lijazwe mafuta ya cheni, si oili chafu ya gari.

Adui mkubwa hapa kwetu ni mchanga. Mnazi uliolala ufukweni ufagieni, muuinue kwa magogo madogo, maana meno yakigusa mchanga mara moja tu yashakuwa butu. Mkiona msumeno watoa unga wa mti badala ya vipande, noeni, msikandamize.

Waya wa kurefusha uwe wa milimita mraba 2.5, ukunjuliwe wote. Mwembamba huchemka na mota huungua. Ncha ya juu ya baa isiguse mti kamwe: msumeno hurukia uso. Mvua ikinyesha, tunaacha.