Barua ya wazi kwa dada yangu aliyeuza vyombo

Dada, shikamoo.

Najua meseji zangu huzifungui. Ndiyo maana naandika hapa, kwa kuwa binti yako husoma blogu hii na atakusomea jikoni. Mwambie asiruke mahali.

Hitma ya mama ilikuwa Ijumaa. Jumamosi asubuhi ukanipigia kwa video, nikadhani unataka kunionyesha maturubai yakishushwa. Kumbe nyuma yako yuko kijana wa vyuma chakavu na mizani yake ya kuning'iniza. Masinia mawili, sufuria ya pilau, na birika. Kilo ulinitajia, nimezisahau. Nilichobaki nacho kichwani ni kifuniko cha birika. Kishikio chake kilivunjika tangu sisi wadogo, mama akakata kipande cha ndara yake ya buluu, akakikaza kwa skrubu ili asiungue. Yule kijana akakichomoa kwa koleo, maana mpira haununuliwi kwa kilo, akakitupa kule kwenye pipa la maji. Ukacheka. Pengine ulicheka na jirani, sijui. Nilipopiga kelele ukasema, "Vyombo ni vyombo. Kama unavitaka, njoo uvichukue."

Ulijua siwezi kuja.

Tangu siku ile nakujibu kichwani. Leo nakujibu kwa picha.

Huku siku zangu za mapumziko huingia Tate Britain, jumba la picha la London. Kwanza niliingia kwa kuwa ni bure na ndani kuna joto, usinicheke. Kuna picha za vyombo vitupu: jagi, bakuli, matunda, mtu hamna. Nilizipita nikiwahi zenye watu. Mpaka nilipokutana na mabuti.

Aliyeyachora ni William Nicholson, mwaka 1920. Alitakiwa amchore Gertrude Jekyll, bibi maarufu wa kubuni bustani, aliyekuwa amekwisha pita miaka 75. Bibi hakupenda kuchorwa, akawa anampa muda mchache tu. Katika kumsubiri, Nicholson akachora mabuti yake ya shambani, yamechakaa kabisa, yameshika umbo la miguu yake. Sura ya bibi aliichora pia, na picha hiyo ipo. Lakini mimi nilipoyaona yale mabuti nilimjua mwenyewe anavyotembea. Nikakumbuka ndara iliyokatwa kisigino. Nilisimama pale hadi mlinzi akaniuliza kama niko salama.

Huyo Nicholson alikuwa na mtoto, Ben, naye mchoraji. Baba alikuwa bingwa wa mng'ao. Fedha na kauri akizichora unatamani kuzigusa. Mtoto akaona mng'ao umezidi. Akapunguza, akapunguza, jagi likabaki mstari, na kufikia 1934 anachonga mbao na kuzipaka nyeupe tupu, duara na pembe basi. Lakini kila mara alirudi kwenye vikombe na majagi, na mwenyewe alikiri kwamba hilo alilitoa kwa baba yake. Waingereza wengi wa karne ile walijaribia mambo mapya mezani namna hiyo. Mfalme akichorwa lazima afanane. Kikombe hakina wa kulalamika.

Na William Scott, huyu ungempenda. Alikulia Enniskillen, Ayalandi ya Kaskazini, akawa anachora vikaangio, mayai na vibua. Ndiyo, vibua, dada, juu ya sahani kama vile vya mama. Vita vya Pili vya Dunia vimekwisha, lakini chakula Uingereza kiliendelea kutolewa kwa mgao hadi 1954. Ukilijua hilo, yai moja mezani haliwi pambo tena. Sisi tuliokua tukigawana yai moja kwa uzi wa cherehani tungeielewa picha ile kabla ya profesa yeyote.

Utasema hayo ni mambo ya wazungu wenye nafasi. Haya, Lubaina Himid je? Kazaliwa kwetu Unguja, 1954, akaletwa Uingereza angali mchanga baada ya kufiwa na baba. Mwaka 2007 alikusanya vyombo vya kauri vya zamani, vipande 100, vile ambavyo watu hutoa nyumba ikivunjwa, akachora juu yake nyuso za Waafrika na mabwana wanaotapika. Ilikuwa kwa ajili ya Lancaster, mji uliotajirika kwa biashara ya watumwa. Hakuchora sahani kwenye picha. Alichukua sahani yenyewe. Mwaka 2017 akapewa Turner Prize, tuzo kubwa ya sanaa huku Uingereza. Vyombo ni vyombo, eh?

Ushauri wangu, basi: kabati la vikombe usiliguse. Mwanao ataolewa, ataulizwa bibi yake alikuwa nani, atajibu nini bila hata kikombe? Na usinambie sikuja kuzika. Karatasi zangu zilikuwa ofisi ya uhamiaji, ningetoka nisingerudi, na ada za wanao zingetoka wapi? Fedha ya hitma nilituma Jumatano. Risiti ninayo. Sikuwa na la kufanya, dada, nani angefanya zaidi?

Lakini ngoja. Cambridge kuna nyumba inaitwa Kettle's Yard. Mwenyewe, Jim Ede, mpenda sanaa, alipanga humo picha na kokoto na vyombo kwa mkono wake, akaikabidhi kwa chuo kikuu mwaka 1966. Kuna sahani yenye limau moja, limewekwa liitikiane na doa la manjano kwenye picha ya mchoraji Miró iliyo karibu. Limau likinyauka wanaweka jingine. Hakuna anayelia. Nilipoliona nikakuona wewe: aliyemwosha mama, aliyemgeuza kitandani miezi saba, aliyechemsha maji kwa birika lile usiku kucha mpaka kulitazama tu likawa adhabu. Hilo hukuniambia. Binti yako ndiye aliyeniambia.

Sijakusamehe. Nilitaka ulijue na hili pia.

Pipa la maji halijahamishwa, nimeona kwenye picha ya Idi. Nyuma yake, upande wa ukutani, hamfagiagi. Ni kipande kidogo, buluu, kina tundu la skrubu katikati.