Kabla ya Kulipia Namba, Uliza Njia Inapita Wapi

Mteja akiingia dukani kwetu na kutuambia kajiandikisha marathoni, swali lake la kwanza huwa ni raba: ipi laini, ipi nyepesi, ipi itamfikisha. Tunauza raba na tunapenda kuziuza. Lakini swali letu kwake huwa jengine: mbio zenyewe zinapita wapi? Wengi hawajui. Tarehe wanaijua, ada wameshalipa, na fulana wameiona picha yake. Tunawaandikia haya kwa sababu inatuuma kumuona mtu aliyeamka Alfajiri miezi mizima akirudi na mapaja yaliyokufa ganzi na moyo uliovunjika, na uvivu hakuwa nao. Mazoezi aliyafanya kwenye njia moja, mbio akaenda kuzikimbia kwenye njia nyengine kabisa.

Umbali ni ule ule popote duniani, kilomita 42.195. Vilivyobaki vyote hubadilika. Oktoba 2023 Kelvin Kiptum wa Kenya alikimbia Chicago, mji tambarare wenye ubaridi wa asubuhi, kwa saa 2:00:35, rekodi ya dunia ya wakati ule. Septemba 2025 Alphonce Simbu wetu alishinda ubingwa wa dunia Tokyo kwa saa 2:09:48, akimpita Mjerumani kwa sekunde 0.03 tu. Siku ile Tokyo kulikuwa na joto na unyevu, hakukuwa na waongoza kasi, yaani wakimbiaji wanaotangulia kuwavuta wengine kwa kasi iliyopangwa, na kila mtu alikuwa akimvizia mwenzake. Zimepishana dakika tisa na zaidi, na hakuna mwenye akili atakayesema Simbu ni dhaifu. Kwa hiyo usiuchukue muda wa rafiki yako aliokimbia kwengine ukaufanya lengo lako.

Ukipata ramani ya njia, usiishie kwenye jumla ya mwinuko. Angalia mwinuko umekaa kilomita ya ngapi. Kilima cha kilomita ya 5 utakipanda ukiwa unazungumza na jirani yako. Kilima hicho hicho kikikukuta kilomita ya 30, utakijua jina lake. Marathoni ya Boston, Marekani, ndiyo mfano unaofundisha zaidi. Njia inaanzia Hopkinton na kushuka kuelekea mjini, na mteremko wenyewe ni mkubwa kiasi kwamba muda wa hapo hauhesabiwi kuwa rekodi ya dunia. Mtu akisikia mteremko hufurahi. Kisha baada ya kilomita 25 hivi vinaanza vilima vya mji wa Newton, na cha mwisho wake kinakuja baada ya kilomita 32. Anayeumia hapo mara nyingi hakuumizwa na kilima, aliumizwa na ule mteremko wa mwanzo. Unaposhuka, msuli wa mbele wa paja hufanya kazi ya breki huku ukivutwa, na kazi hiyo huuchana taratibu bila wewe kusikia maumivu wakati ule. Juma Ikangaa, Mtanzania, alimaliza wa pili Boston miaka mitatu mfululizo, 1988 hadi 1990, na mara ya kwanza alizidiwa kwa sekunde moja. New York, ambako madaraja yanapanda na kushuka, alishinda mwaka 1989 kwa saa 2:08:01. Mkimbiaji wa kiwango kile, na bado njia ilikuwa na la kusema.

Wateja wetu wengi, lakini, hawaendi Boston. Wanakwenda Moshi, na hapo tunataka kukaa kidogo.

Kilimanjaro Marathon hukimbiwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Moshi iko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, na wakimbiaji wa kilomita 42 hupanda kuelekea Mweka katika nusu ya pili, yaani wakiwa tayari wamechoka. Kwa mtu wa Unguja aliyezoea kukimbia tambarare ya Maisara na Mazizini, hayo ni mambo mawili mageni kwa pamoja. Pumzi itakuwa fupi kidogo, si ya kutisha, ila kasi uliyoizoea nyumbani itakugharimu zaidi. Panga kwenda polepole tangu mwanzo. Na usifike usiku wa kuamkia mbio. Boti hadi Dar na basi la kutwa nzima huvimbisha miguu, kwa hiyo jipe angalau siku mbili za kupumzika huko.

Jambo jengine, na hili bara wengi hawalifikirii: mwaka 2026 na 2027 tarehe hizo ziko ndani ya Ramadhani. Ukichagua Moshi, wiki zako nzito za mazoezi zitakuwa Januari, kabla ya mwezi kuandama, na Ramadhani itakuwa ya kudumisha ulichonacho. Mbio nyepesi zifanye saa moja kabla ya futari, ili maji yawe karibu. Mbio ndefu zihamishie usiku baada ya Tarawehe, katika barabara yenye taa na mkiwa kikundi, kisha daku yako iwe nzito kuliko kawaida. Usijaribu kukimbia kilomita 25 mchana na saumu, tunakuomba sana. Suala la kufunga siku ya mbio ukiwa safarini muulize sheikh wako, si muuza raba. Na kama ratiba hiyo inakuelemea, hakuna aibu kutafuta mbio za kipindi cha kusi, Juni hadi Septemba, ambapo hata hapa kwetu asubuhi huwa na ubaridi wa kukimbilika.

Watu hutuambia Unguja hakuna vilima vya kufanyia mazoezi. Upande wa mashariki ni kweli, uwanda wa mawe umelala kutoka Paje mpaka Makunduchi. Lakini upande wa magharibi nchi inainuka, na kilima cha Masingini kiko karibu na mji kuliko wengi wanavyodhani. Siri ni mpangilio. Usiende Masingini ukiwa mbichi. Zunguka kwanza tambarare ya mjini mpaka miguu ianze kulalamika, ndipo upande, kwa sababu hivyo ndivyo vilima vya mbio vitakavyokukuta. Na ukishapanda, shuka kwa kukimbia, kwa hatua fupi na za haraka, bila kujizuia kwa visigino. Mteremko hufunzwa kama kilima kinavyofunzwa, na mara tatu nne kwa vipindi vya wiki zinatosha kuuzoesha msuli. Wapemba nyinyi hamna haja ya kutafuta. Barabara ya Chake hadi Wete inapanda na kushuka karibu njia nzima.

Njia ya pwani ina adui wake, nao ni upepo. Wakati wa kusi, ukianzia Paje kwenda kusini unaukata upepo kwa kifua, na ukirudi unakusukuma. Fanya mazoezi kwa mpangilio huo, kazi ngumu mwanzo. Siku ya mbio, kama njia inakwenda na upepo kwanza, usidanganyike na kasi ya bure, deni utalilipa wakati wa kurudi. Tena barabara zetu zimeinuka katikati na kuinama pembeni ili maji ya mvua yateremke. Ukikimbia upande ule ule kila siku, mguu mmoja unakuwa chini ya mwengine, na nyonga ndiyo hulipia. Pale gari zinaporuhusu, badilisha upande.

Joto letu lina faida yake. Mwili huhitaji kama siku 10 hadi 14 kulizoea joto, na sisi tumelizoea tangu kuzaliwa. Lakini hewa yenye unyevu huzuia jasho kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili, linakumalizia maji tu. Hapo watu hukosea kwa kunywa maji matupu kupita kiasi. Chumvi ya damu hushuka, kichwa kinauma, kichefuchefu kinaanza, na mwenyewe anadhani ana kiu akaongeza maji. Kunywa kwa kadiri ya kiu, na changanya maji yako na ORS au chumvi kidogo. Dafu ni zuri, ila lina chumvi ndogo kuliko jasho lako linavyotoa, kwa hiyo lisiwe kinywaji chako cha pekee. Tende ni chakula bora cha njiani, mradi tumbo liwe limeshazijaribu kwenye mazoezi.

Jambo moja dogo linalowavuruga wenye saa za mkononi. Njia rasmi hupimwa kwa baiskeli yenye kifaa kwenye gurudumu, kwa kufuata mstari mfupi kabisa kwenye kila kona, na huongezwa mita moja kwa kila kilomita isije ikapungua. Wewe utazunguka kona kwa nje na kuwapita watu, saa yako itaonyesha kilomita 42 na nusu au zaidi. Fuata mabango ya kilomita.

Sasa raba. Njia ya lami tambarare inataka soli nyepesi, na njia yenye mteremko mrefu inataka soli nene zaidi na nafasi kwa vidole, la sivyo kucha zitaondoka. Njoo kujaribu jioni, miguu ikiwa imetanuka. Raba za mtumba hatuzidharau, lakini bonyeza soli kwa kidole gumba, na ikiwa ngumu kama ubao, hizo ni za kutembelea.

Huduma yetu ni hii: leta ramani ya mbio unazozitaka, kabla hujalipa ada kama inawezekana. Tutakaa nawe tuisome kilomita kwa kilomita, tukuambie inakufaa au haikufai, na tukupangie mazoezi kwa barabara zilizo karibu na kwenu. Akina dada wanaotaka kukimbia na wenzao wa kike watuambie mapema tuwaunganishe. Kwa marathoni kamili tuone si chini ya wiki 16 kabla, kwa nusu marathoni wiki 10. Wateja wa Pemba tunakutana nao nje ya uwanja wa Gombani, kwa miadi.